Habari Ina Mwenyewe

Julai 1994 watu walivuka Mto Ruzizi kuingia Bukavu mchana na usiku. Walitoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yaliyoanza Aprili yalikuwa yameangamiza mamia ya maelfu ya Watutsi, na katika umati huo walichanganyika wauaji na wasio na hatia, wazee waliobebwa mgongoni na watoto waliopotezana na wazazi. Bukavu ni mji wa miinuko, umekaa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu. Wabelgiji waliouita Costermansville waliujengea walowezi nyumba za kutazama maji. Hakuna aliyeuandaa kupokea watu wengi kiasi hicho. Wageni walilala viwanja vya shule, makanisani na kando ya barabara. Wenyeji waliwagawia walichokuwa nacho, kisha wao pia wakaanza kuishiwa.

Mashirika yalihesabu mahema, unga, maji safi na makaburi. Waliokaa chini wasiinuke hawakuhesabiwa: mama aliyeacha kupika ingawa unga upo, kijana aliyelala macho wazi hadi alfajiri, baba aliyeitwa kwa jina asigeuke. Kivu watu husema huyo ana mawazo mingi. Vitabu vya tiba huita hali hiyo sonona inapodumu wiki mbili na zaidi, ikamwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za kazi na hata sababu ya kuishi.

Mwaka huohuo Mabruda wa Upendo walifungua mjini humo kituo cha afya ya akili, SOSAME. Shirika lao lilianzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807 na padri Peter Joseph Triest, na moja ya kazi zake kubwa za mwanzo ilikuwa kuwatunza wanaume walioitwa wendawazimu, waliokuwa wamefungiwa katika vyumba vya chini vya ngome moja kongwe. Karibu na Kigali walikuwa na hospitali ya Ndera tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Aprili 1994 wagonjwa na watu waliokimbilia humo waliuawa. Kwa hiyo SOSAME ilizaliwa na watu waliojua kwamba hata hospitali haizuii panga. Mpaka leo jina hilo linajulikana katika sehemu zote za mji, Kadutu, Bagira na Ibanda, na wagonjwa huletwa hapo kutoka vijijini mwa Kivu Kusini, wengi wao baada ya familia kuzunguka kwingine kote.

Huko kwingine nako kuna historia yake. Mtu anayekonda polepole Bukavu, asiyekula wala kuongea, majirani huweza kusema amelishwa karuho, ile sumu ya taratibu inayoogopwa Kivu Kusini nzima, na familia humtafutia mganga wa kuitoa. Au husemwa ana mapepo, akapelekwa chumba cha maombi, akalazimishwa kufunga kula siku kadhaa. Siwadharau wanaoshika njia hizo. Maombi ya pamoja yamewazuia watu wengi wasijiue, na mganga anayemgusa mgonjwa na kumuuliza ndoto zake humpa muda ambao daktari mwenye foleni mlangoni hana. Lakini mtu aliyedhoofishwa na sonona akinyimwa chakula huzidi kudhoofika, na mtu akifungwa kamba hapo au popote pengine, huyo ameumizwa, na waliomfunga waambiwe hivyo.

Vita vilifika miaka miwili baada ya wakimbizi wale. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 waasi walishambulia hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira kusini mwa Bukavu. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wagonjwa wakiwa vitandani na wauguzi wakiwa kazini. Tarehe 29 mwezi huohuo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiwasihi walimwengu wauone mkasa wa watu wa Kivu, aliuawa barabarani Bukavu. Mji ukabaki bila mtu aliyekuwa akiuzungumzia kwa sauti.

Daktari mkuu wa Lemera alikuwa Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alisomea udaktari Bujumbura, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi milimani badala ya kubaki Ulaya. Usiku ule hakuwapo hospitalini. Alipanda jukwaani Oslo tarehe 10 Desemba 2018 kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na hotuba yake ikaanzia Lemera. Miaka 22 ilikuwa imepita, yeye ameshafanya upasuaji usiohesabika, ameshasikilizwa na wakuu wa dunia, na bado alipotakiwa kujieleza alianza na wagonjwa ambao hakuweza kuwaokoa. Nikisoma hotuba ile naona jeraha la mtu aliyejifunza kufanya kazi akiwa nalo. Dunia imemheshimu kwa kazi yake. Jeraha lake wachache wamelitazama.

Mwaka 1999 Mukwege alifungua hospitali ya Panzi, kusini mwa mji, kwa msaada wa makanisa ya Kipentekoste ya Kongo na Sweden. Nia ilikuwa akina mama wajifungue salama. Mgonjwa wa kwanza aliyefika alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Baada yake walifuata maelfu. Madaktari waligundua mapema kwamba mwili ulioshonwa ukapona vizuri unaweza kumrudisha nyumbani mtu asiyetaka kuishi, na kwamba mwingine hupona kidonda lakini haondoki, kwa kuwa mume amemfukuza na kijiji kinamnyooshea kidole. Hapo ndipo ulipokomaa utaratibu wa Panzi wa kuunganisha mambo manne chini ya paa moja: tiba ya mwili, msaada wa moyo na akili, mwanasheria, na njia ya kujipatia riziki.

Katika utaratibu huo kuna watu ambao ningependa wajulikane kuliko wanavyojulikana. Ni wanawake wanaoitwa mama chérie. Mgonjwa anapofika, mmoja wao humpokea, humtafutia sabuni na kitenge, humpeleka kwa daktari, hukaa naye akitoka kwenye upasuaji, humsikiliza akitaka kusema na hunyamaza naye asipotaka. Hawana vyeo vikubwa. Kitu wanachotoa ni muda, siku baada ya siku, mpaka mgonjwa ajue kwamba kesho atamkuta mtu yuleyule. Mwenye sonona huamini kwamba ni mzigo kwa kila mtu. Hoja haimtoi katika imani hiyo. Mtu anayerudi kesho yake anaweza kuitikisa.

Sifa ya Panzi ilileta tatizo lake. Waandishi wa habari, watafiti, wabunge wa nchi za mbali na wafadhili walipanda ndege kuja Bukavu, na karibu wote walitaka jambo moja: mwanamke aeleze yaliyompata. Mwaka 2010 afisa mmoja wa juu wa Umoja wa Mataifa aliita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani, na jina hilo likabandikwa kwenye nyuso za wanawake wa Kivu kila walipokwenda. Mama mmoja aliweza kusimulia usiku wake kwa polisi, kwa shirika, kwa kamera na kwa mgeni, kisha kila mmoja akaondoka na daftari lake. Alibaki bila habari yake na bila nafuu. Hili linanikera mpaka leo, kwa sababu wengi wa wale wageni walikuwa na nia njema, na waliamini kwamba kusema peke yake kunaponya.

Kusema peke yake hakuponyi, na ushahidi wa jambo hilo ulipatikana Kivu kwenyewe. Machi 2010 watafiti walihoji watu wazima 998 katika maeneo ya mashariki mwa Kongo. Matokeo yalitoka mwaka huohuo katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Wanne kati ya kumi walikuwa na dalili za sonona, na nusu walikuwa na dalili za kiwewe kinachodumu. Takwimu hizo zingeweza kutukatisha tamaa, kwani madaktari wa akili nchini ni wachache mno. Lakini muda mfupi baadaye jaribio la tiba lilifanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, baadhi yavyo vikiwa karibu na mapigano. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono waligawanywa kwa vijiji. Katika vijiji 8 walipata mshauri wa kuzungumza naye mmoja mmoja kila walipohitaji. Katika vijiji 7 walikutana kwa makundi, vikao 11, wakiongozwa na wanawake wa hukohuko wenye elimu ya miaka michache baada ya shule ya msingi. Wengi wa washiriki hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi ya karatasi yaligeuzwa kuwa ya kukariri na kuzungumza.

Katika makundi yale mwanamke hakutakiwa kusimulia tukio lenyewe. Alitakiwa kuleta mawazo ambayo tukio lilimwachia: nilijitakia, mimi ni mchafu, Mungu amenikataa, watoto wangu wangekuwa heri bila mimi. Wazo lilitandazwa mbele ya wenzake, likaulizwa maswali. Ungemwambia hivyo dada yako? Aliyeshika bunduki alikuwa nani? Wiki iliyofuata wazo hilohilo lilirudi, likapimwa tena. Miezi 6 baada ya tiba kumalizika, katika makundi waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Kwa waliopata mshauri mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Matokeo yalichapishwa Juni 2013, na sijui habari nyingine kutoka Kivu ya miaka ile iliyostahili kutangazwa zaidi na ikatangazwa kidogo namna hiyo.

Ipo tiba nyingine inayoelekea upande wa pili kabisa. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliikuza wakifanya kazi na wakimbizi wa Sudan nchini Uganda, na baadaye ikatumika Kivu. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwa maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha huweka ua, penye msiba huweka jiwe. Kisha katika vikao kadhaa husimulia kamba nzima kwa mpangilio, mshauri akiandika, na kikao kinachofuata kikaanza kwa kumsomea yaliyoandikwa ili asahihishe. Mwishoni hukabidhiwa maandishi hayo, tawasifu yake.

Tiba moja humwambia mtu aseme yote, nyingine haimuulizi kabisa, na zote mbili zimewainua watu. Nimefikiri sana jambo hilo, na naona zinafanana mahali pamoja. Katika zote mbili habari inabaki mikononi mwa mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua itoke kiasi gani, aisikie nani, isahihishwe wapi, na anayemsikiliza haondoki nayo.

Tarehe 4 Februari 2011 Cité de la Joie, Mji wa Furaha, ilifunguliwa Bukavu. Wanawake wa Kivu walikuwa wameulizwa wanataka nini, wakajibu kwamba wanataka mahali pao pa kuishi kwa usalama na kujifunza. Wanawake 90 hukaa hapo miezi 6, chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver, binti wa Bukavu. Hujifunza sheria, kilimo, kujilinda na kucheza ngoma, na hukaa katika makundi kushughulikia yaliyowapata. Mwandishi wa Marekani V, aliyejulikana zamani kama Eve Ensler, alishiriki kuanzisha mji huo, na ujenzi ukiendelea mwaka 2010 aligundulika kuwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Kitabu chake cha mwaka 2013 kinaeleza tiba yake, kinarudi utotoni alikodhulumiwa na baba yake, na kinakiri kwamba wanawake wa Bukavu walimwinua yeye kuliko alivyowainua. Nakisoma kwa heshima, ingawa mizani inanisumbua: maumivu ya mgeni yalipata kitabu chenye jina lake juu ya jalada, na maumivu ya waliomwinua yalipata aya ndani yake.

Mukwege mwenyewe naye aliinuliwa na wanawake wa Kivu. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, na mlinzi wake, rafiki wa miaka mingi, akauawa akijaribu kumwokoa. Daktari na familia yake walikimbilia ng'ambo. Wanawake wa Kisiwa cha Idjwi, ambao wengi wao hawana hata dola moja ya kutumia kwa siku, walianza kuuza matunda na mboga na kukusanya pesa za tiketi ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi, na watu walijipanga njiani kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini. Waliokuwa wagonjwa wake walikuwa wamejipanga kumtunza yeye.

Kuanzia mwaka 2015 Panzi ilifungua mlango mwingine, wa muziki. Mpango wa Healing in Harmony, ulioanzishwa pamoja na shirika la Kanada la Make Music Matter, humkutanisha mwanasaikolojia na mtayarishaji wa muziki na kundi la wanawake. Wanatunga maneno wenyewe, kwa Kiswahili, Kimashi au lugha yoyote ya nyumbani, wanarekodi studio, na wimbo unapigwa redioni na katika matamasha ya mtaani. Mpango huo ulifika hata Mulamba, wilayani Walungu. Mwanamke aliyejificha asionekane sokoni anasikia sauti yake kwenye redio ya jirani na anaitwa msanii. Amechagua mwenyewe maneno gani yatoke, na yapi yabaki kifuani.

Kitabu ninachokirudia kuliko vyote kiliandikwa na msichana wa Kivu Kusini. Mwanzoni mwa Juni 2004 askari walioasi wa Jules Mutebutsi na Laurent Nkunda waliiteka Bukavu, na wakazi waliuawa, wakabakwa, wakaporwa. Chuki iliyofuata iliwaangukia raia wa Kibanyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, wasiohusika, na familia nyingi zikakimbilia Burundi. Familia ya Sandra Uwiringiyimana, wakazi wa Uvira, ilikuwa kambini Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wavamizi walipopiga risasi na kuchoma mahema. Zaidi ya watu 150 waliuawa, akiwamo mdogo wake Deborah wa miaka 6. Sandra alikuwa na miaka 10, na bunduki iliwekwa kichwani pake.

Mwaka 2007 walihamia Rochester, Marekani. Kitabu chake, How Dare the Sun Rise, alichokiandika na Abigail Pesta, kilitoka mwaka 2017. Humo anaeleza kwamba nyumbani kwao usiku ule haukuzungumzwa. Wazazi walifanya kazi, watoto walisoma, kanisani waliimba. Yeye alijifunza kusimulia mbele ya umati, na mwaka 2014 alihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Lakini akiwa chuoni huzuni ilimwangusha, akalia bila kuweza kujizuia, akalazimika kutafuta msaada. Naona jambo hili ndilo linalokifanya kitabu chake kuwa cha lazima. Alikuwa ameshausimulia mkasa kwa ulimwengu wote kabla hajaweza kuuzungumza na mama yake. Nafuu ilianza alipopata mtu wa kumsikiliza, na familia ilipoanza kulitaja jina la Deborah.

Wenyewe walionusurika wamekwisha kudai haki ya kumiliki habari zao. Mtandao wa kimataifa wa walionusurika ukatili wa kingono vitani, ulioanzishwa mwaka 2017 kwa msaada wa taasisi ya Mukwege, unaitwa SEMA, na wanaousemea ni wanachama wenyewe. Aprili 2022 ulizinduliwa mwongozo wenye jina la Nadia Murad, unaowataka wanaokusanya ushuhuda wamwulize mwenye habari kama anakubali, wamweleze itatumikaje, na wasimhoji upya bila sababu. Mwongozo huo ungekuwapo Bukavu mwaka 2000, wengi wangeepushwa na machozi ya bure.

Bado kuna watu ambao historia hii imewapita. Ni wale wenye sonona wasio na mkasa wa vita wa kueleza: mama mwenye kichanga cha mwezi mmoja anayemtazama mwanawe bila kuhisi chochote, kijana mwenye shahada anayeshinda amelala kwa miaka, mfanyabiashara wa Kadutu aliyefilisika moto ulipoteketeza mali yake. Miradi ya Kivu imeandikwa kwa ajili ya walionusurika bunduki, na hawa hawajui wasimame foleni ipi. Lakini tiba ya kundi iliyofanyiwa majaribio Masaka na Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2003, ilikuwa ya sonona ya kawaida katika vijiji vilivyochoshwa na Ukimwi. Baada ya wiki 16 waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya 54.7 katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo. Dawa nazo zipo: amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na wengi huziacha mapema kwa kudhani hazifanyi kazi.

Februari 2025 waasi wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliingia Bukavu. Benki zilifungwa, ndege zikaacha kutua Kavumu, na mji uliokuwa umejifunza kuponya ukapata vidonda vipya juu ya vya zamani. Mwenye mawazo mingi leo Bukavu ana sababu zaidi, na njia za kufika kwenye msaada zimepungua.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa mwenye ndugu aliyekaa chini asiinuke. Ukitaka kumwombea, mwombee, lakini mpeleke pia kituo cha afya kilicho karibu na umwambie muuguzi waziwazi: halali, hali, anasema heri afe. Akiwa Bukavu, uliza SOSAME. La pili ni kwa waliopona. Vitabu nilivyovitaja hapa viliandikwa kwa Kiingereza, na mama wa Bagira aliyepitia yaleyale hawezi kuvisoma. Andikeni kwa Kiswahili, au rekodini sauti zenu kwa Kiswahili. Tajeni majina yenu au yaficheni, semeni yote au nusu, na atakayewaambia mmeacha sehemu muhimu msimjibu.